Siku saba za Aprili: baba, pauni 60 na Mahakama ya Juu ya Uingereza

Aprili 2015, mkazi mmoja wa Isle of Wight, kisiwa kilicho jirani na pwani ya kusini ya Uingereza, alimchukua binti yake wakaenda kutembea Walt Disney World, Florida. Muhula ulikuwa unaendelea. Mwalimu mkuu alishaombwa ruhusa miezi kadhaa kabla, akakataa. Mtoto akakosa siku saba za masomo. Halmashauri ikamtoza baba, Jon Platt, faini ya pauni 60. Hakulipa. Ikapanda hadi 120, napo hakulipa, akashtakiwa. Miaka miwili baada ya safari hiyo, majaji watano wa Mahakama ya Juu walikuwa wamekaa London kuamua maana ya kauli moja ndani ya sheria ya elimu: kuhudhuria kwa utaratibu.

Kisa hiki husimuliwa kama vita vya mzazi na dola, na kila msomaji huchagua upande wake kabla hajafika aya ya pili. Mimi naona wote wanatazama mahali pasipo penyewe. Platt alishindwa kwenye kauli ile, na nadhani alistahili kushindwa. Lakini kilichombana tangu mwanzo kilikuwa kanuni ya ruhusa iliyobadilishwa Septemba 2013, na hakuna hata korti moja kati ya zilizomsikiliza iliyoombwa kuigusa.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 444 cha Sheria ya Elimu ya 1996, kinachotumika England na Wales, kinasema kwamba mtoto wa umri wa lazima wa shule, aliyeandikishwa shuleni, asipohudhuria kwa utaratibu, mzazi wake ana hatia. Mwendesha mashtaka hatakiwi kuthibitisha nia mbaya wala uzembe. Mzazi ana nafasi chache za kujitetea: mtoto alikuwa na ruhusa ya mwenye mamlaka shuleni, aliugua, alizuiwa na jambo lisiloepukika, au siku hiyo imetengwa kwa ibada na dini ya mzazi. Adhabu ya juu ni faini ya pauni 1,000. Lipo kosa zito zaidi, la mzazi anayejua kwamba mtoto wake hahudhurii na asichukue hatua, ambalo linaweza kumpeleka gerezani hadi miezi mitatu. Platt alishtakiwa kwa lile jepesi.

Notisi ya faini ni njia ya mkato iliyoletwa na sheria nyingine ya mwaka 2003. Halmashauri inamwambia mzazi: tunaamini umetenda kosa, ukilipa ndani ya muda huu, hatukushtaki. Mwaka 2015 ilikuwa pauni 60 ndani ya siku 21, au 120 ukisubiri hadi siku ya 28. Notisi haikatiwi rufaa. Na hapa wengi huchanganyikiwa: ukikataa kulipa, hushtakiwi kwa kutolipa. Unashtakiwa kwa kosa la msingi, na halmashauri inapaswa kulithibitisha lote tangu mwanzo kana kwamba notisi haikuwahi kutolewa. Ndiyo maana Platt aliweza kuingia kortini na kusema, haya, thibitisheni kwamba binti yangu hakuhudhuria kwa utaratibu.

Kabla hatujaingia naye kortini, kuna mtu ambaye masimulizi mengi humpita haraka, naye ni mama wa mtoto. Wazazi hawa walikuwa wametengana na mtoto alikaa kwa zamu nyumba zote mbili. Februari mwaka huohuo mama naye alimtoa mtoto shule wiki nzima wakaenda likizo, bila ruhusa. Akaletewa notisi kama ile ile. Akalipa, yakaisha. Mtoto yule yule, shule ile ile, mwaka ule ule, kosa lile lile: mmoja alilipa akasahaulika, mwingine jina lake likabaki kwenye vitabu vya sheria. Nitarudi kwa mama, kwa sababu naamini yeye ndiye anayeeleza jinsi faini hii inavyofanya kazi, kuliko baba aliyeipinga.

Kesi ilisikilizwa na mahakimu wa kisiwani tarehe 12 Oktoba 2015. Platt alikana kosa, kisha akasema hana kesi ya kujibu. Hoja yake ilisimama juu ya rejesta. Kabla ya safari ya Aprili, mahudhurio ya mtoto yalikuwa asilimia 95. Baada ya safari yalishuka hadi asilimia 90.3. Mtoto anayekuwepo darasani siku tisa kati ya kila kumi, alisema, ni mtoto anayehudhuria kwa utaratibu, kwa akili ya kawaida ya mtu yeyote. Mahakimu wakakubali. Kesi ikafutwa.

Halmashauri ikakata rufaa Mahakama Kuu, na swali lililopelekwa huko lilikuwa la kiufundi mno hata magazeti hayakulijali: je, mahakimu walikosea kutazama mahudhurio ya nje ya tarehe zilizotajwa kwenye hati ya mashtaka? Hati ilitaja tarehe 13 hadi 21 Aprili tu. Hebu tazama tarehe hizo peke yake. Mahudhurio ya mtoto ndani yake ni sifuri. Tazama mwaka mzima, ni asilimia 90.3. Rejesta ni moja na ukweli ni mmoja, lakini jibu linategemea umefungua dirisha pana kiasi gani. Halmashauri ilichagua dirisha la siku saba, dirisha ambalo hakuna mtoto duniani angeweza kulivuka salama baada ya safari. Mshtakiwa akachagua la mwaka, ambalo siku saba humezwa ndani yake.

Mei 2016 majaji wawili wa Mahakama Kuu walimpa Platt ushindi. Walisema mahakimu walikuwa na haki ya kutazama picha pana, na kwamba kutokuwepo bila ruhusa si lazima kumaanishe kutohudhuria kwa utaratibu. Kwa takriban miezi kumi na moja wazazi wengi England waliishi wakiamini kwamba mtoto mwenye rejesta nzuri ana wiki yake mfukoni. Halmashauri nazo hazikujua ziendelee kutoza au zisitishe. Ilipofika Mahakama ya Juu, Waziri wa Elimu mwenyewe aliingia kwenye kesi kuunga mkono rufaa ya halmashauri.

Hukumu ilitoka tarehe 6 Aprili 2017. Iliandikwa na Lady Hale, naibu rais wa mahakama hiyo wakati huo, na wenzake wanne wakakubaliana naye wote. Aliweka mezani maana tatu za kuhudhuria kwa utaratibu. Ya kwanza: kwa vipindi vinavyolingana. Hiyo ilianguka mapema, maana mtoto anayekuja kila Jumatatu na kukosa siku nyingine zote angekuwa amehudhuria kwa vipindi vinavyolingana kabisa. Ya pili: mara nyingi vya kutosha, ambayo ndiyo iliyombeba Platt kwa mahakimu na Mahakama Kuu. Ya tatu: kwa kufuata taratibu zilizowekwa na shule. Mahakama ikachagua ya tatu.

Sababu zake zilikuwa kadhaa, na si zote zina uzito sawa. Ya historia ni nzuri kuliko inavyoonekana. Kabla ya 1944, kanuni ndogo za mamlaka za elimu zilimtaka mtoto awepo muda wote shule inapokuwa wazi, na mahakama zilizisimamia hivyo. Sheria ya Elimu ya 1944 ilileta kauli ya kuhudhuria kwa utaratibu. Je, Bunge lilitaka kulegeza wajibu wa mzazi katika sheria ileile iliyokuwa ikipanua elimu ya lazima? Hakuna dalili. Hata baada ya sheria hiyo, mwaka 1961, mahakama iliamua kwamba mtoto anayefika baada ya rejesta kufungwa anahesabiwa hakufika. Kwa uamuzi wa namna hiyo, ni vigumu kudai kwamba wiki nzima ilipaswa kupita.

Lakini iliyomaliza kesi, kwa maoni yangu, ni hoja ya uhakika. Kosa la jinai lazima mtu aweze kulijua kabla hajalitenda. Chini ya maana ya pili, mzazi anayekata tiketi mwezi Januari hawezi kujua kama ifikapo Aprili atakuwa mhalifu. Inategemea mtoto aliugua mafua mara ngapi kabla ya safari, korti itahesabu kuanzia lini, na mahakimu wa siku hiyo wanaona asilimia ngapi inatosha. Familia mbili zinaweza kwenda safari moja, ndege moja, siku zilezile, na moja tu ikawa na hatia. Na katika kisa hiki lipo jambo la ajabu zaidi: wiki aliyoichukua mama mwezi Februari ndiyo iliyopunguza akiba ya baba mwezi Aprili. Kama mama angechukua wiki mbili, hatia ya baba ingebadilika kwa jambo ambalo hakulitenda. Sioni namna ya kuitetea sheria ya jinai inayofanya kazi hivyo, hata kama moyo wangu uko kwa baba anayetaka kusafiri na mwanawe.

Ikumbukwe pia kwamba Bunge lilipotaka hesabu, liliiandika. Ndani ya kifungu hichohicho kuna nafuu kwa wazazi ambao kazi yao ni ya kuhamahama: mtoto wao aliyetimiza miaka sita anatakiwa awe amehudhuria angalau vipindi 200 vya nusu siku katika miezi kumi na miwili. Kwa wazazi wengine hakuna namba. Anayeiomba korti itunge asilimia anaiomba ifanye kazi ya Bunge.

Lady Hale aliongeza hoja ya haki kwa wengine: kwamba kuwaruhusu baadhi ya wazazi kuvunja taratibu ni kuwazaba kofi wazazi watiifu wanaozifuata kwa gharama na usumbufu wowote. Sentensi hiyo ndiyo iliyonukuliwa kila mahali. Ina ukweli, ila sidhani ni hoja ya kisheria. Wapo wazazi watiifu wanaofuata taratibu kwa sababu hawana uwezo wa kusafiri msimu wowote, na hao kofi lao linatoka kwingine kabisa.

Sasa udhaifu. Maana ya tatu inamfanya mzazi kuwa na hatia kwa siku moja tu ya kutokuwepo bila ruhusa, na kwa kuufuata uamuzi wa 1961, hata kwa kuchelewa asubuhi moja. Mahakama ililiona hilo na kujibu kwamba ukali wake utatulizwa na busara ya waendesha mashtaka, notisi za faini, na uwezo wa mahakimu kumwachilia mtu bila adhabu. Hapa hukumu inajikwaa. Sababu kubwa ya kuikataa maana ya pili ilikuwa kwamba mzazi hawezi kujua mapema. Lakini sasa mzazi anajua tu kwamba ana hatia. Asichojua ni kama atafuatiliwa. Wakati huo kila halmashauri ilikuwa na kizingiti chake cha kutoa notisi, na mzazi aliyehamia wilaya ya jirani aliingia kwenye hesabu nyingine. Mashaka hayakuondoka. Yalitoka kwenye chumba cha korti yakaenda kwenye meza ya ofisa wa mahudhurio, ambako hakuna hukumu inayoandikwa wala rufaa inayosikilizwa.

Platt alirudishwa kwa mahakimu kama mtu mwenye kesi ya kujibu. Juni 2017 alipatikana na hatia, akaachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12, na kuamriwa kulipa pauni 2,000 za gharama. Hilo ndilo mwisho wa kesi, na kwa kweli halina mengi ya kujadili.

Yenye mengi ni kanuni ya ruhusa. Baada ya hukumu, kila kitu kinaning'inia kwenye swali moja: mwalimu mkuu alikubali au hakukubali? Hadi Agosti 2013 kanuni za uandikishaji wa wanafunzi England, za mwaka 2006, zilitaja likizo ya familia waziwazi na kumruhusu mwalimu mkuu kutoa hadi siku kumi za masomo kwa mwaka, palipokuwa na hali maalumu. Walimu wakuu wengi walizitoa bila shida kwa mtoto mwenye rejesta safi. Kuanzia 1 Septemba 2013, wakati Michael Gove akiwa Waziri wa Elimu, maneno ya likizo ya familia na ya siku kumi yalifutwa. Likabaki kwamba ruhusa isitolewe isipokuwa katika hali ya kipekee. Ripoti ya serikali ya mwaka uliotangulia, iliyoandaliwa na Charlie Taylor, ilikuwa imeshawaonya kwamba wazazi wengi walizichukulia siku kumi kama haki yao.

Kwa hiyo baba huyu angeomba ruhusa ileile Aprili 2013, barua ya jibu ingeweza kuwa tofauti, na siku saba zingekuwa ndani ya sheria hata kwa maana kali kuliko zote. Hayo si makisio matupu. Wales wanatumia kifungu kilekile cha 444 na wanafungwa na hukumu ileile ya Platt, lakini kanuni zao za ruhusa bado zinamwachia mwalimu mkuu hadi siku kumi za likizo ya familia kwa mwaka. Mtoto wa Wales mwenye asilimia 95 na mwalimu mkuu mwelewa anaruka kwenda Florida, na hakuna kosa lililotendeka. Tofauti yote imo kwenye kanuni ambayo waziri anaweza kuiandika upya bila kugusa sheria mama. Platt alipigana kwenye ukuta mgumu wakati mlango ulikuwa upande mwingine.

Najua kwa nini hakuuendea. Mashtaka yalimkuta kwenye kifungu cha 444, na mshtakiwa hujitetea alikoshtakiwa. Lakini wanaharakati waliomchangia fedha na magazeti yaliyoshangilia ushindi wake wa 2016 hawakuwa na kisingizio hicho.

Turudi kwa mama. Alitazama pauni 60, akalipa. Bei za safari hupanda shule zinapofungwa, kwa sababu kila familia yenye mtoto wa shule inasafiri wiki zilezile, na kwa familia nyingi tofauti hiyo inazidi faini mara kadhaa. Mtu anayepiga hesabu anaona faini kama nyongeza ndogo kwenye nauli. Hiyo ndiyo hali iliyodumu baada ya hukumu. Katika mwaka wa masomo 2023/24 zilitolewa notisi karibu 487,000 England, na takriban tisa katika kila kumi zilikuwa za likizo. Hukumu iliyosema kwamba kila siku bila ruhusa ni kosa haikuwarudisha watoto darasani. Iliwahakikishia tu maofisa kwamba wakitoza, korti haitawaangusha.

Serikali nayo ilikuwa imeshaona kwamba faini imegeuka bei. Agosti 2024 mfumo mmoja ulianza kutumika England yote. Shule inapaswa kufikiria notisi mtoto akikosa vipindi kumi vya nusu siku, yaani siku tano, bila ruhusa ndani ya wiki kumi za shule. Faini ya kwanza ni pauni 80 ikilipwa ndani ya siku 21, au 160 ikichelewa. Ya pili ndani ya miaka mitatu ni 160 moja kwa moja, bila punguzo la kuwahi. Ya tatu haipo: mzazi huyo anaweza kupelekwa kortini. Na hutozwa kila mzazi kwa kila mtoto, hivyo wanandoa wenye watoto watatu wanaanza na notisi sita.

Ukiutazama mfumo huu baada ya kuisoma hukumu, unaona kitu cha kuchekesha kidogo. Mahakama ya Juu ilikataa katakata kuhesabu siku, ikasema utaratibu ni utaratibu. Miaka saba baadaye hesabu imerudi kwa mlango wa utawala: siku nne bila ruhusa bado ni kosa la jinai, lakini hazifiki kizingiti cha taifa, siku tano zinafika. Hesabu hii ya sasa ni bora kuliko ile ya Platt kwa sababu dirisha lake linajulikana na kila mtu, na ni lilelile kutoka wilaya hadi wilaya. Lakini bado ni hesabu, na mzazi mjanja ataendelea kuondoka Jumatano jioni na kurudi Jumanne.

Kwa safari zile mbili za 2015, wiki ya mama ingegonga kizingiti barabara na siku saba za baba zingekivuka. Mama angelipa 80. Baba, kama angekataa tena, angekuta njia ile ya rejesta imeshazibwa. Ingembaki moja: kumshtaki mwalimu mkuu kwa kukataa ruhusa isivyo halali. Mahakimu wanaosikiliza kesi za mahudhurio hawaupimi uamuzi huo. Wao huuliza tu kama ruhusa ilikuwepo. Kuupinga kunahitaji mapitio ya kimahakama Mahakama Kuu, yafunguliwe haraka, kabla ya safari ikiwezekana, na hoja haiwezi kuwa kwamba wewe ungeamua tofauti. Lazima uonyeshe kwamba mwalimu mkuu hakuzingatia ombi lako kabisa, kwa mfano kwa kutumia sera ya kukataa kila ombi la likizo bila kulisoma. Gharama ya kesi ya namna hiyo inazidi tiketi za familia nzima kwenda Florida na kurudi.